Wikiendi na magari ya zamani Korogwe: Land Rover iliyomfanya mama yangu aongee

SEHEMU YA 1: Mahema upande wa Mto Pangani

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata "asante nesi", wengi mmezoea niandike kuhusu chanjo, kunyonyesha na homa za watoto. Leo naandika historia. Ni ndefu, nimeigawa sehemu tano. Weka chai karibu, mpe mtoto ziwa, twende taratibu.

Mwezi uliopita nilipata mapumziko ya siku mbili mfululizo, kitu adimu kwa nesi. Rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi ameolewa na fundi magari, na huyo shemeji yetu ana ugonjwa ambao hospitalini hatuna dawa yake: anapenda magari ya zamani. Yeye na wenzake wa Tanga, Moshi na Dar wakapanga wakutane Korogwe, wapige mahema nje kidogo ya mji, Ijumaa hadi Jumapili. Tukaambiwa tuje na watoto.

Basi ungeona. Peugeot 404 ya mzigo, ile ambayo wazee wetu wanaiita Pijo. Peugeot 504 mbili. Volkswagen ya mgongo wa kobe. Datsun ndogo ya kubebea mizigo. Lori la Bedford lililofika likikohoa kama mgonjwa wa pumu. Na Land Rover moja ndefu ya kijivu, yenye mabenchi ya chuma nyuma. Wanaume walishinda wameinama ndani ya boneti, sisi tukachoma mahindi, watoto wakapanda na kushuka kwenye lori hadi usingizi ukawaangusha.

Hata huko sikuacha kuwa nesi. Mahema nilisogeza mbali na mto kwa sababu ya mbu, kila mtoto alilala ndani ya chandarua, na jiko la mkaa nililipiga marufuku kuingia hemani hata kama baridi inauma. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki. Hilo likumbuke hata nyumbani kwako.

Jumamosi mchana mama yangu alikuja na bajaji kutuletea makande. Akazunguka akiangalia magari, anacheka na kukumbuka. Alipofika kwenye ile Land Rover akanyamaza. Akaweka kiganja kwenye lile benchi la chuma, akaniambia: "Mwanangu, kwenye gari kama hili ndimo nilimobebwa na kaka yako tumboni."

Mimi sina kaka. Mimi ni kifungua mimba wa mama yangu. Ndivyo nilivyojua kwa miaka thelathini na kitu.

Nitarudi kwa mama. Kwanza nikueleze kuhusu njia yenyewe, ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, maana bila kuijua hutaelewa alichoniambia.


SEHEMU YA 2: Kambi ya mwaka 1916

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, ikapinda kufuata milima ya Usambara na Pare, ikamalizikia Moshi mwaka 1911. Angalia ramani utaona: Handeni imebaki kusini, peke yake, bila treni. Korogwe ukawa mji wa stesheni, Handeni ukabaki mji wa miguu, na baadaye wa magari. Mtu wa Handeni akitaka kufika kokote lazima apambane na barabara.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliweka kijireli chembamba kutoka Mombo hadi Handeni. Vitoroli vyake havikuwa na injini. Vilisukumwa na watu, babu zetu hao, kupeleka mizigo ya jeshi.

Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kufuata Mto Pangani. Katikati ya mwezi yalichukua Korogwe, siku chache baadaye Handeni. Tarehe 24 Juni yalipigana kwenye Mto Lukigura, kusini ya Handeni. Kisha yakapiga kambi Mziha na kukaa hapo hadi Agosti. Hii inawezekana ndiyo kambi kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa upande huu wetu, na ilikuja na magari pia: malori, Ford ndogo, pikipiki, na katika vita hivyo yalikuwepo hata magari ya deraya ya Rolls-Royce. Kwa wakati ule hakukuwa na gari la kisasa kuliko hayo.

Sasa nisikilize mimi nesi. Unajua kilichowaangusha ni nini? Risasi ziliua, lakini hazikuongoza. Mbung'o walimaliza farasi, maelfu kwa maelfu. Chakula kilibaki nyuma kwa sababu jeshi lilikimbia mbele kuliko mizigo yake, askari wakala nusu ya posho. Halafu malaria na kuhara damu vikaingia. Kikosi kimoja cha askari wa miguu kutoka Afrika Kusini, kilichopigana katika kampeni hiyohiyo upande mwingine wa nchi, kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari 1916. Ilipofika Oktoba waliobaki wazima wa kufanya kazi walikuwa 116.

Gari liliponasa au barabara ilipokwisha, mzigo ulirudi kichwani mwa mtu. Wapagazi walibeba kilo 25 hivi kila mmoja, wengi wakipewa unga wa mahindi bila muda wala kuni za kuuivisha, na ugali mbichi ukawaharibu matumbo. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Uingereza pekee walizidi 90,000, wengi wao kwa maradhi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ukienda Dar kununua vitenge Kariakoo, jina unalolitaja ni la hao wabeba mizigo.

Jenerali alikuwa na injini, bunduki na ramani. Alichokosa ni kujiuliza kabla ya kuondoka: tukifika katikati, nani atakula nini, na mgonjwa atarudi vipi? Shika swali hilo. Tutalihitaji.


SEHEMU YA 3: Mashindano ya Pasaka

Usiku wa Jumamosi moto ulipowaka, mzee mmoja mwenye ile Pijo 404 akaanza simulizi. Utotoni mwake, anasema, walilala kando ya barabara pale Mombo na blanketi, wakisubiri magari ya Safari Rally yapite. Unasikia mngurumo kutoka mbali, unaona taa, halafu vuuu! Unabaki na tope usoni na furaha ya mwaka mzima.

Mashindano hayo yalianza mwisho wa Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalipangwa kwenye makundi kwa kufuata bei ya dukani. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Yalihamishiwa Pasaka, na nyie wa Tanga mnajua Pasaka ni masika. Yaani waliichagua mvua kwa makusudi! Njia ilibadilika mwaka hadi mwaka, ila milima yetu ya Usambara ilipata sifa kwa matope yake, na ukitoka Dar kuelekea Usambara kwa gari, Korogwe huikwepi.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Na miaka yote hiyo miwili walioshinda ni watu walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404. Mzee alipofika hapo akapiga boneti ya gari lake kofi la mapenzi, tukacheka.

Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta magari yenye nguvu na madereva wenye majina, wakashindwa mwaka baada ya mwaka. Mpaka Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda na Ford Escort mwaka 1972, washindi wote walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika, gari la mkono wa pili! Joginder alikuwa fundi, akalifungua na kulifunga upya mwenyewe. Alijua kila nati imekaa wapi.

Na wanawake walikuwepo, dada zangu. Mwaka 1961 Anne Hall alimaliza wa tatu. Mwaka 1962 Pat Moss, na gari dogo la Saab, naye akamaliza wa tatu, akiacha wanaume wengi wakisukuma magari yao kwenye tope.

Nilimuuliza mzee: hawa waliomaliza walikuwa na siri gani? Akanijibu, "Nesi, hakuna siri. Walijua kabla ya kuondoka nani atawasubiri wapi, na spea gani, na mafuta kiasi gani. Mmoja anaendesha, mwingine anasoma njia. Wakifika kwenye mto uliojaa hawaanzi kikao."

Hawaanzi kikao. Maneno hayo niliyaandika kwenye simu usiku uleule.

Tangu mwaka 1974 mashindano yalibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani tu, kukumbuka miaka 50 ya yale ya kwanza, na mara kadhaa yamevuka mpaka kuja kwetu Tanzania. Shemeji yangu huyo ndoto yake ni kushiriki siku moja. Mke wake ndoto yake ni auze hata gari moja tu wapate hela ya kupaua nyumba. Tuwaombee.


SEHEMU YA 4: Alichoniambia mama

Watoto walipolala, mama alikaa na mimi pembeni ya ile Land Rover. Ninaandika kwa ruhusa yake. Nilimsomea kwanza, akasema, "Weka, labda itamsaidia mtoto wa mtu."

Ilikuwa Aprili 1983. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa kijiji kimoja upande wa Handeni, mimba ya kwanza. Nchi ilikuwa imechoka. Vita vya Kagera vimekwisha miaka michache nyuma, sabuni ya shida, mafuta ya shida. Miaka ile gari binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Waulizeni wazazi wenu, watawaambia.

Uchungu ulianza Jumamosi saa mbili usiku. Baba alikuwa Tanga kwenye kibarua. Mkunga wa jadi alipoona mambo hayasogei, alfajiri akasema huyu apelekwe hospitali. Bibi yangu, mama yake baba, akasema lazima tumsubiri baba mkubwa arudi kutoka shambani, maana mwenye mke hayupo na mwenye kauli ni yeye. Simlaumu bibi. Alimpenda mama, alikesha naye akimkanda mgongo. Alifuata utaratibu wa ukoo kama alivyoukuta.

Baba mkubwa alirudi Jumapili saa nane mchana. Akasema, "Bado mpo hapa? Pelekeni!" Neno moja tu.

Ndipo wakaanza kutafuta gari. Gari lililopatikana ni Land Rover ya shamba la mkonge. Dereva alikubali hapohapo, Mungu amrehemu popote alipo, ila hakuwa na mafuta wala kibali. Wakahangaika, huyu akatoa lita mbili, yule akauza kuku. Waliondoka saa nne usiku.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mama alilazwa kwenye benchi la chuma, kitenge kimekunjwa chini ya kichwa, bibi ameshika miguu yake. Walinasa mara tatu. Mara ya tatu walikata matawi kwa panga wakayaweka chini ya matairi. Walifika hospitali Korogwe Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Walipokelewa mara moja, na mama alipona.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa ameshafariki. Mama anasema alikuwa na nywele nyingi.

Akanyamaza hapo, kisha akasema kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani: "Miaka yote nimeilaumu ile barabara."

Nilichukua kalamu. Ni tabia ya kazi, sisi manesi wa leba tunahesabu saa. Kuanzia Jumamosi saa mbili usiku hadi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri ni saa 33. Kumsubiri baba mkubwa: saa 18. Kutafuta gari, mafuta na kibali: saa 8. Barabarani pamoja na matope yote, kunasa mara tatu na matawi: saa 7.

Nikamwonyesha. Akaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu kwa mwanga wa tochi. "Kumbe barabara ilikula saba tu," akasema. Tukalia wote wawili, kimya, tusiwaamshe watoto.


SEHEMU YA 5: Wewe umejipangaje?

Sasa nazungumza na wewe mwenye tumbo, na wewe mwenye mke, mkwe au mdogo mwenye tumbo.

Leo kuna lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni, na nyingine ya kilomita 54 kutoka Handeni hadi Mkata kwenye barabara kuu. Njia iliyomla mama yangu saa saba, leo watu wanaenda na kurudi siku hiyohiyo na kuwahi kupika. Mambo yamebadilika kweli. Takwimu za kitaifa za 2015-16 zilionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zilionyesha 104. Hiyo ni kazi kubwa ya watu wengi.

Lakini bado ninapokea akina mama waliochelewa, na wengine wanatoka karibu na lami. Darasani tulifundishwa kuwa ucheleweshaji uko wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ule wa tatu ni wetu wahudumu, na tunapaswa kuulizwa bila kuonewa haya. Wa pili unapunguzwa na lami na magari. Wa kwanza hauna lami. Uko sebuleni kwako, na serikali haiwezi kuleta greda kuuchonga.

Basi fanya kama wale waliomaliza mashindano. Kabla wiki ya 36 haijafika, kaeni kikao, halafu kikao kife hapohapo. Kubalianeni haya:

1. Nani ataamua kama baba hayupo. Jibu langu: mwenye tumbo mwenyewe, na yeyote aliye naye. Baba ukisafiri, acha kauli kabisa: "Dalili ikitokea nendeni, msinisubiri." Iseme mbele ya mama yako na mbele ya mkeo.

2. Gari gani. Andikeni namba za madereva wawili ukutani, siyo kwenye simu moja ambayo chaji itakwisha. Mwisho wa namba hizo andikeni 115. Hiyo ni ya m-mama, haitozwi pesa, ni kwa dharura za wajawazito, mama aliyejifungua hadi siku ya 42, na mtoto mchanga hadi siku ya 28. Pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali, wanatumia madereva wa jamii waliosajiliwa. Kila nikiwasikia nawakumbuka wale wa Land Rover ya mkonge.

3. Pesa ya dharura. Iwe mbali na ya matumizi, hata kama ni kidogo.

4. Watu wawili wa kuchangia damu, na mmoja wa kukusindikiza mwenye moyo mgumu.

Na dalili za kuondoka bila kujadili: damu ukeni, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, homa kali, chupa kupasuka, mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Uchungu nao ukianza usiuangalie nyumbani, njoo kituoni tuuangalie wote.

Jumapili asubuhi tulikunja mahema. Lori la Bedford liligoma kuwaka, likasukumwa na ukoo mzima, watoto wakishangilia. Mama aliomba apande ile Land Rover hadi nyumbani. Shemeji akamfungulia mlango wa mbele. Akakataa, akapanda nyuma, akakaa kwenye benchi la chuma, mkono mmoja kwenye ubao, mwingine kwenye kichwa cha mjukuu wake. Hakuongea njia nzima. Aliposhuka aliniambia kaka yangu angekuwa na miaka arobaini na kitu sasa hivi, pengine naye angekuwa mpenda magari.

Nina ombi moja. Leo mpigie mama yako, au bibi yako, umuulize: wakati wa kunizaa mimi ulifikaje hospitali? Kwa miguu, kwa machela, kwa baiskeli, kwa tela la trekta, kwa Pijo? Na ulisubiri saa ngapi kabla ya kuondoka? Akiwa tayari kusema, msikilize mpaka mwisho, halafu niandikie hapa chini alichosema. Nitasoma yote nikitoka zamu ya usiku.